Ukialikwa kwenye kikao cha ukoo cha mirathi: mwongozo kwa watu wa ustawi, mama mjane asitoke mikono mitupu

Hii naiandikia wenzangu wa ustawi wa jamii, maendeleo ya jamii na wasaidizi wa kisheria huko kwenye kata, hasa nyie mliotoka chuo juzi juzi mkapangiwa sehemu ambayo hata salamu ya kwao hamuijui. Chuoni jinsia ni somo lake na mila ni somo lake, alafu ukifika kazini unakuta vimekaa jamvi moja na hakuna aliyekwambia uanzie wapi.

Nachukua kikao cha ukoo cha mirathi kwasababu pale utaviona vyote kwa siku moja: nani kapewa kiti, nani kakaa chini, nani ana kalamu, nani yuko jikoni, nani anasema "sisi" na nani anaitwa "huyu". Na siyo maongezi tu yale. Mahakama ya mwanzo ikipokea maombi ya usimamizi wa mirathi kwa kawaida inataka kuona muhtasari wa kikao cha ukoo uliompendekeza msimamizi, yaani karatasi iliyoandikwa uani kwa baba mkubwa kwenye kaunta buku inaenda kugongwa muhuri na inakuwa na nguvu. Mama ambaye hakusikika uani anafika mahakamani tayari ana kazi ya kubomoa kilichojengwa bila yeye.

Msimamo wangu niuseme mapema. Anayekwambia "mila yetu ndo inasema hivi" mara nyingi ni mtu wa upande mmoja, na mila ile ile ukiisikia kwa shangazi, kwa bibi, kwa kungwi au kwa mjomba inakuja na vipengele ambavyo mzee kavisahau, na kwa bahati mbaya huwa anavisahau vile vinavyomgharimu yeye. Kazi yako ni kuvitafuta hivyo vipengele kabla ya kikao na kuhakikisha vinatajwa na watu wenyewe, siyo na wewe.

Anza kwa kujua ukoo unahesabiwa upande gani

Usidhani Tanzania nzima ni kwa baba. Kwa Wahaya, Wakurya, Wasukuma, Wachaga ukoo ni wa baba, kwahiyo mjane kwa mahesabu yao ni mtu wa kuja hata kama yuko pale tangu enzi za vita ya Kagera na kazaa watoto nane. Lakini nenda Uluguru, au kule kusini kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao, asili yao ukoo unapita kwa mama, na anayekuja kudai vitu vya marehemu anaweza asiwe kaka yake bali mpwa, mtoto wa dada. Na huko huko mwanaume aliyehamia ukweni, mke akifariki, yeye ndo anaweza kuambiwa afunge begi arudi kwao. Sa ukienda na jibu ulilolikariri kwamba muonewa lazima awe mwanamke, utampita mgane wa watu amekaa pembeni hana pa kwenda na hutomuona. Siku hizi pia dini, mjini na ndoa za makabila mchanganyiko vimevuruga mambo, kwahiyo hata kabila usilichukulie kama jibu.

Kuuliza moja kwa moja "ukoo wenu ni wa baba au wa mama" hakusaidii sana, utapewa jibu la shuleni. Uliza vitu vidogo. Binti wa mwisho alipoolewa mahari ilipokelewa na nani? Mtoto akisumbua anapelekwa kusemwa kwa nani? Na mama huyu siku akifa atazikwa wapi, hapa au kwao? Hilo la mwisho linafungua mengi, manake utakuta watu wanaomwambia hana chake pale ndo hao hao wanaosema kaburi lake litakuwa pale pembeni ya mume wake.

Kuna wanawake na wanawake

Hili ndo wengi wanalikosa na kwenye ripoti hutaliona kabisa. Watu wanaandika "wanawake walishiriki, wanne" na wanaridhika. Wanne gani? Shangazi wa marehemu ni mwanamke lakini ni mtu wa ukoo, anakaa na wazee, anakatiza maneno ya wadogo zake wa kiume na hakuna wa kumnyamazisha. Wifi yupo upande wake. Mama mkwe ni mwanamke aliyeolewa pale kama mjane alivyoolewa, lakini sasa ni mama wa marehemu na mama wa hao shemeji wanaotaka shamba. Na mjane je? Yeye ndo mwanamke pekee pale ambaye kila alichonacho kinapita kwa mtu aliyekufa. Nimeona vikao ambavyo wanaume walikuwa wameshalegea na aliyekaza ni wifi mtu, tena kwa maneno ya moto, kwasababu mume wake kule alikoolewa alimtupa na hilo shamba la kaka yake ndo tegemeo lake la kurudi nyumbani. Ukimuona tu kama mchawi wa hadithi hutamuelewa. Naye ana hofu ya mwanamke asiye na pa kukaa, ila ameielekeza kwa mwanamke mwenzake.

Kwahiyo kabla ya kikao pita kwa shangazi. Usiende na fomu, nenda kutoa pole, kaa, kunywa uji ukipewa. Alafu muulize enzi za mama yake mzazi, mume akifa mjane alikuwa analimiwa na nani, nani alikuwa anamuezekea nyumba, na mtu akimdhulumu alikuwa anafanywa nini. Bibi wa miaka 75 atakupa mifano kwa majina. Mifano hiyo ndo silaha yako, na mwenye haki ya kuisema kikaoni ni yeye. Muombe aiseme. Shangazi akisema "baba yangu hakumfukuza mke wa mdogo wake, alimkatia migomba mpaka kule kwenye mbuyu", kikao kizima kinabadilika sauti, wewe ungesema hivyo hivyo ungeambiwa umetumwa na wazungu.

Wewe mwenyewe nawe una jinsia

Kama ni binti wa miaka 25, kuna uwezekano mkubwa utafika na begi lako la kazi alafu utaelekezwa jikoni. Usinune. Nenda jikoni, shika kisu, menya ndizi, manake taarifa nzuri zote ziko kule: nani alimuuguza marehemu, nani alikuja na gari usiku kuchukua cherehani, simu ya marehemu iko kwa nani. Ila wakati kikao kinafunguliwa nawa mikono urudi ukae pale wanapokaa wanaoandika, na salamu yako ianze kwa mkubwa kuliko wote: "shikamoni wazee wangu, mimi mtoto wenu wa ustawi, mtendaji alinileta". Ukishaitwa mtoto una ruhusa ya kuuliza maswali ya kijinga, na maswali ya kijinga ndo yanayofaa.

Kama ni kijana wa kiume shida yako ni nyingine, viti utapewa na soda utapewa, lakini mjane hutompata. Usikae naye chumbani peke yenu hata dakika tano, maneno yatakayotoka hapo atayalipia yeye. Nenda na mhudumu wa afya ngazi ya jamii au mama mjumbe, kaeni barazani mnaonekana lakini hamsikiki. Na ukiona wanaume wanakuchekea sana na kukuita "kijana wetu, wewe unaelewa", ujue wameshakuhesabu upande wao.

Tarehe na saa ya kikao siyo kitu kidogo

Vikao vingi vinakaa siku ya kuanua matanga au arobaini kwasababu watu wa mbali bado wapo. Sawa. Lakini angalia mjane yuko wapi saa hiyo. Kama ni Muislamu yuko eda, miezi minne na siku kumi, na kuna kikao kinapangwa kwa shemeji mkubwa kijiji cha pili kwa maelezo kwamba "yeye hawezi kutoka ila tutamuwakilisha". Hapo hubishani na eda, unaiheshimu mpaka mwisho: basi kikao kije kwake, kikae barazani na yeye akae ndani mlango wazi, au kaka yake wa tumbo moja aje amsemee. Sheikh wa mtaa ukimuendea mapema atakusaidia, na atakukumbusha pia kwamba kwa hesabu ya Kiislamu mke ana fungu lake lililotajwa, thumuni, yaani moja ya nane, kama marehemu kaacha watoto na robo kama hakuacha, ambalo hakuna shemeji wa kulifuta.

Kwa wengine tatizo ni jiko. Kikao kinapangwa saa nne asubuhi, watu hamsini watakula saa saba, nani anapika? Wanawake wote wa nyumba ile, mjane akiwemo, wako na masufuria nyuma ya nyumba, na wanaingia na sinia za chai wakati neno la mwisho limeshasemwa. Mzee anafunga na "penye wengi hapaharibiki neno", na wengi hao wote wamevaa suruali. Omba tu chakula kiliwe kwanza. Sema una safari, sema unataka watu washibe, sema lolote, kikao kianze vyombo vikiwa vimeoshwa.

Sheria ibebe mfukoni

Ukianza na vifungu umeharibu, watakusikiliza kwa adabu na wataamua usiku ukishaondoka. Lakini uwe unavijua kwasababu saa nyingine shemeji aliyesoma atavileta yeye, tena nusu nusu.

Atakayekwambia sheria ya serikali yenyewe inasema mjane harithi hadanganyi sana. Tamko la Sheria za Mila la 1963 ndivyo lilivyoandikwa, kwamba mjane hana fungu kama marehemu kaacha watu wa ukoo wake, na kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Binti naye kawekwa daraja la tatu, nyuma ya kaka zake. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia CEDAW, mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, iliamua kesi ya wajane wawili wa Kitanzania na kusema nchi imevunja haki zao kwa kuacha sheria hizo ziendelee. Ila Tamko hilo hilo linataka mjane aulizwe kwenye baraza la ukoo kama anakubali kuwa mke wa ndugu wa marehemu, aulizwe, na Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 68 imemalizia kabisa kwamba mwanamke aliyefiwa na mume yuko huru kuishi anapotaka, kubaki bila mume au kuolewa na anayemtaka, hata kama mila inasema vingine.

Kwenye ardhi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili, na baraza la ardhi la kijiji lina watu saba ambao watatu lazima wawe wanawake, watafute hao watatu uwajue kwa majina. Na ukiwa Kagera kesi ya kusimulia kwa wazee ni ya Holaria Pastory: alirithi shamba la ukoo kwa baba yake, akaliuza, jamaa wa ukoo Bernardo Ephrahim akashtaki kwamba mwanamke hana ruhusa, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza akasema haki ya mwanamke kuuza ni sawa na ya mwanaume. Isimulie kama habari, wazee wanapenda habari za kesi kuliko vifungu.

Pia kumbuka siyo kila marehemu anahukumiwa kwa mila. Mahakama inaangalia aliishi vipi, kimila, Kiislamu, au maisha ambayo yanaangukia sheria ya kiserikali ya mirathi ambayo mjane mwenye watoto anapata theluthi moja. Mtu aliyefunga ndoa kanisani, akaishi mjini kwenye nyumba ya shirika na kurudi kijijini Krismasi tu, ukoo wake hauwezi kuamka msibani ukasema ni mtu wa mila.

Kikaoni penyewe

Acha mzee afungue, acha sala iswaliwe, acha historia ya ukoo isimuliwe hata kama inachukua saa zima. Usikimbilie. Ukipewa nafasi omba kwanza orodha ya mali isomwe kabla ya kutaja msimamizi, wengi wanaanza na jina na hapo ndo presha inapanda.

Orodha isikilize kwa makini kwasababu jinsia imejificha humo. Utasikia ng'ombe, nyumba ya bati, shamba la kahawa, pikipiki. Hutosikia kuku, genge, cherehani, hisa za vikoba, wala deni la mbolea ambalo mama ndo alilikopa kwa jina lake. Vitu vya mama vinakuwa havipo vikiwa ni vya kumhesabia mchango, alafu vinatokea ghafla vikiwa ni vya kugawana. Kwahiyo uliza kwa upole: "baba, hii nyumba ya bati ilijengwa mwaka gani, na matofali alifyatua nani?" Atajibu mtu yeyote, hata mtoto, kwamba mama alikuwa anasomba maji. Nyamaza hapo, usiongeze kitu. Kama shemeji msomi yupo mkumbushe kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983, ambapo Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango kwenye mali. Ilikuwa kesi ya talaka, siyo ya mirathi, kwahiyo usiitumie kama rungu, ila inasaidia kutenganisha kilicho cha mama mwenyewe na kilicho cha marehemu kabla hamjaanza kugawa.

Simu ya marehemu na laini yake iulizwe mapema, mbele ya watu. Ndo kitu kinachopotea cha kwanza, na hela za kwenye simu hazina shahidi.

Watani, yaani watu wa kabila linalotaniana na la marehemu, wakiwepo umepona. Mchaga akifiwa Mpare atakuwepo, Mzaramo akifiwa Mnyamwezi atakuwepo, na mtani ana ruhusa ya kusema lile ambalo wewe ukilisema utaitwa huna adabu: "nyie kaburi halijakauka mnamvua mama wa watu kanga!" Watu wanacheka, lakini wamesikia. Kama unamjua mtani mwenye busara ongea naye kabla, kuna wengine wamesaidia wajane kuliko ofisi yangu kwa mwaka mzima.

Ikija ishu ya kumrithi mjane, usiruke juu. Uliza zamani ile mila ilikuwa inafanya kazi gani. Watakwambia ni ili asipate shida, alimiwe, watoto wawe na baba. Vizuri, basi nani atalima? Nani atalipa ada ya kidato cha pili? Waandike majina na vitu. Mara nyingi aliyekuwa mstari wa mbele kurithi mama akisikia habari za ada anakumbuka ana safari. Na mama aulizwe yeye, kwa sauti yake, na siyo wakati shemeji kamkazia macho. Kule jikoni ulikokuwa asubuhi ameshakwambia anataka nini, kazi yako hapo ni kuhakikisha swali linaulizwa kwa namna ambayo anaweza kulijibu.

Watoto wa nje nao watakuja, wakati mwingine na mama yao amesimama barabarani hajaruhusiwa kuingia. Hapa mjane na ukoo huwa wanaungana ghafla. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumnyima mtoto kufaidika na mali ya mzazi wake, kwahiyo usimkwepe huyo mtoto kwa kumuonea huruma mjane.

Muhtasari

Usiondoke bila kuuona. Uwe na tarehe, majina na uhusiano wa kila mtu na marehemu, orodha ya mali na madeni, alichosema mjane kiandikwe kama alivyosema hata kama kikao hakikukubali, na sahihi. Angalia karatasi ya mahudhurio isiwe ya peke yake yenye nafasi wazi juu ya majina, hiyo inakuja kubandikwa kwenye maamuzi mengine kabisa. Mama asiyesoma asomewe mbele ya mtu wake kabla ya dole gumba. Piga picha kila ukurasa.

Alafu sema kwa sauti, kila mtu asikie, kwamba msimamizi wa mirathi siyo mrithi. Anakusanya, analipa madeni, anagawa, anarudisha hesabu mahakamani. Neno hilo tu ukilisema wale waliokuwa wanagombea usimamizi wanapungua. Hakuna kinachozuia mjane kuwa msimamizi, wala binti, na ukoo ukikataa kabisa wawekeni wawili, yeye na mtu wa ukoo.

Pale ambapo unaacha kusuluhisha

Kuna kikao hukai. Kama mama ameshapigwa, kama amefungiwa nje na watoto, kama anaambiwa amemuua mume kwa uchawi, hasa bibi mwenye macho mekundu kule Kanda ya Ziwa ambako tunajua neno hilo limeua watu, usijifanye mpatanishi. Mtoe kwanza. Dawati la Jinsia na Watoto polisi, PF3, ile fomu ya polisi, kwa ajili ya hospitali, mtoto akiwa hatarini piga 116, na mtendaji wa kata ajue kwa maandishi. Heshima ya wazee utairudisha baadaye, mtu akiwa salama.

Baada ya hapo faili lisifungwe siku msimamizi anateuliwa. Ana miezi minne kupeleka mahakamani fomu namba 5 ya mali na madeni, andika tarehe hiyo kwenye kalenda yako ya ofisini na siku ikifika nenda nyumbani kwa mama, siyo kwa msimamizi. Angalia nani analima lile shamba. Uliza binti mkubwa yuko darasa la ngapi, na kama jibu ni "yuko Dar kwa shangazi yake anasaidia kazi", andika namba ya simu ya huyo shangazi na upige ukiwa bado umekaa hapo hapo.